Mabalozi wa Uingereza Dar es Salaam tangu 1961: nani anajaza pengo la 1965–1968?

Upanga61

Wakuu, heshima kwenu. Naandaa jedwali la wakuu wa ubalozi wa Uingereza Dar es Salaam kuanzia Uhuru, litakaloingia kwenye kijitabu cha historia. Mwanzo wa orodha ninao hivi: Neil Pritchard 1961–63, Robert Fowler 1964–65, Horace Phillips 1968–72. Baada ya hapo majina yanafuatana bila shida. Nimekwama kwenye mambo manne.

Kati ya Fowler na Phillips kuna miaka miwili na nusu mitupu. Orodha moja inaruka kimya kimya, nyingine imeandika "Canada". Canada imeingiaje kwenye orodha ya Waingereza?

Stephen Miles anatajwa kwenye habari za maasi ya jeshi ya Januari 1964, lakini kwenye orodha nyingi hayumo. Aingie au abaki nje?

Nimetafuta tarehe ambayo Pritchard alikabidhi hati za utambulisho kwa mkuu wa nchi mwaka 1961. Haipo popote.

Halafu miaka yenyewe inapishana: mtu huyu huyu anaanza mwaka mmoja kwenye orodha hii, mwaka unaofuata kwenye orodha ile.

La nyongeza: nimeambiwa Tanzania ilitoka Jumuiya ya Madola mwaka 1965 ikarudi baadaye. Kuna ukweli?

---

JaladaKuukuu

Mkuu, nianze na hilo la nyongeza kwa sababu ndilo linaloharibu mengine. Tanzania haikutoka Jumuiya ya Madola hata siku moja. Kilichovunjwa ni uhusiano wa kibalozi na nchi moja, Uingereza. Uanachama wa Jumuiya ni jambo jingine kabisa, na kuanzia 1965 Jumuiya ilikuwa na Sekretarieti yake chini ya Arnold Smith, raia wa Canada, kwa hiyo haikuwa tena idara ya serikali ya London. Tanzania ilisusia mkutano wa Lagos wa Januari 1966, na pengine hapo ndipo watu wanapochanganya. Kususia mkutano si kujitoa.

Mlolongo wenyewe ni huu. Tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith, waziri mkuu wa Rhodesia (Zimbabwe ya leo, wakati huo koloni la Uingereza), alijitangazia uhuru kwa ajili ya walowezi. Mwanzoni mwa Desemba mawaziri wa OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, wakakutana Addis Ababa na kuazimia kwamba, kama Uingereza haitakuwa imeuzima uasi huo ifikapo 15 Desemba, nchi wanachama zivunje uhusiano nayo. Tarehe 14 Desemba Mwalimu alilihutubia Bunge akieleza kwa nini Tanzania italitekeleza azimio hilo. Hoja yake ilikuwa rahisi: Afrika imeahidi mbele ya dunia, na ahadi isipotekelezwa nani ataisikiliza Afrika siku nyingine? Tarehe 15 uhusiano ukavunjwa.

Nchi zilizotimiza azimio zilikuwa tisa tu: Tanzania, Ghana, Guinea, Mali, Misri, Algeria, Sudan, Mauritania na Kongo-Brazzaville. Za Jumuiya ya Madola humo ni mbili, Tanzania na Ghana. Ghana ikarudisha uhusiano Machi 1966, wiki chache baada ya Nkrumah kupinduliwa. Kuanzia hapo hadi 1968 Tanzania ilibaki mwanachama pekee wa Jumuiya asiye na uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa sababu ya Rhodesia. Kenya, Uganda na Zambia hazikuvunja. Na bei ililipwa: mkopo wa Uingereza wa pauni milioni 7.5 ukazuiliwa.

Sasa Canada. Mkataba wa Vienna wa 1961 kuhusu uhusiano wa kibalozi, ibara ya 45, unasema uhusiano ukivunjwa, nchi mwenyeji inapaswa kuyaheshimu majengo, mali na nyaraka za ubalozi ulioondoka, hata kama kuna vita. Nchi iliyoondoka inaweza kukabidhi ulinzi wa mali na raia wake kwa nchi ya tatu, mradi mwenyeji aikubali. Uingereza iliikabidhi Canada kazi hiyo, na Dar es Salaam kukawa na kitengo cha maslahi ya Uingereza chini ya ubalozi wa Canada. Kitengo cha namna hiyo hushughulikia pasi za kusafiria, raia waliopatwa na matatizo, mirathi, utunzaji wa majengo, na kupitisha ujumbe kati ya serikali mbili. Anayekiongoza si balozi na hakabidhi hati kwa Rais.

Kwa hiyo kwenye jedwali andika: "Hakuna balozi. Maslahi ya Uingereza chini ya Canada, 15 Desemba 1965 – Julai 1968." Usiweke jina la balozi wa Canada kwenye safu ya Waingereza. Yeye alikuwa balozi wa Canada, na nafasi yake ni kwenye orodha ya Canada. Wala usiunganishe Fowler na Phillips kana kwamba mmoja alimwachia mwenzake ofisi. Kosa hilo liko kwenye orodha kadhaa za mtandaoni.

Na pengo hilo si tupu kihistoria. Azimio la Arusha lilitangazwa 5 Februari 1967, na kesho yake mabenki yakataifishwa, yakiwemo matatu makubwa ya Kiingereza: Barclays, Standard, na National and Grindlays. Yaani pigo kubwa kuliko yote kwa mtaji wa Kiingereza nchini lilitokea wakati London haina balozi Dar wa kwenda kugonga mlango Ikulu. Ukiandika kwamba ubalozi wa Uingereza ulilalamikia utaifishaji wa mabenki, umeshakosea, maana ubalozi haukuwepo.

Uhusiano ulirudi Julai 1968, na Rhodesia ilikuwa bado mikononi mwa Smith. Aliyeletwa ni Horace Phillips. Alikuwa balozi Indonesia, na mipango ilikuwa aende Saudi Arabia. Saudia iliridhia, kisha ikaiondoa ridhaa yake baada ya gazeti la Kiyahudi la London kuandika kwamba Phillips ni Myahudi. Dar es Salaam ikampata yeye. Mazingira hayakuwa laini hata hivyo: mwaka huo huo Tanzania ilisema haitaendelea kulipa pensheni za maofisa wa kikoloni kwa utumishi wao wa kabla ya uhuru, kwa hoja kwamba mwajiri wa utumishi huo alikuwa Uingereza. London ikajibu kwa kukata misaada. Misaada ilikuja kurudi katikati ya miaka ya 1970, Phillips akiwa ameshaondoka.

---

BiMkunguni

Ndugu Upanga61, tarehe unayoitafuta kwa Pritchard huioni kwa sababu hakukuwa na mkuu wa nchi wa kukabidhiwa hati.

Kuanzia 9 Desemba 1961 hadi 9 Desemba 1962 Tanganyika ilikuwa nchi huru yenye Malkia. Mkuu wa nchi alikuwa Elizabeth II, akiwakilishwa na Gavana Mkuu, Sir Richard Turnbull, yule yule aliyekuwa gavana wa mwisho. Hati za utambulisho ni barua ya mkuu wa nchi mmoja kwenda kwa mkuu wa nchi mwingine. Malkia hawezi kujiandikia mwenyewe. Kwa hiyo kati ya nchi mbili zenye mfalme mmoja, anayeandika ni Waziri Mkuu kwenda kwa Waziri Mkuu mwenzake, na karatasi hiyo ni barua ya kumtambulisha mjumbe tu. Tanganyika mpokeaji alikuwa Waziri Mkuu: Mwalimu hadi alipojiuzulu Januari 1962, kisha Rashidi Kawawa.

Ndiyo maana pia cheo chake rasmi ni Kamishna Mkuu, ingawa sisi tunamwita balozi na hakuna anayepotea. Utaratibu huo ulianzia Canada, iliyompeleka Sir Alexander Galt London mwaka 1880. Uingereza yenyewe haikumtuma mtu wa cheo hicho Ottawa hadi 1928, William Clark, na sababu yake inafaa kuieleza kwenye kijitabu chako. Kabla ya hapo Gavana Mkuu alikuwa na kofia mbili: mwakilishi wa Mfalme, na papo hapo mjumbe wa serikali ya London. Mkutano wa Dola wa 1926 ulimvua kofia ya pili, na London ikajikuta haina mtu wake mwenyewe Ottawa.

India ilipokuwa jamhuri mwaka 1950 na kubaki ndani ya Jumuiya, utaratibu ukapata sura ya pili. Cheo kilibaki kile kile, lakini barua sasa inatoka kwa Mfalme au Malkia kwenda kwa Rais. Tanganyika iliingia kundi hilo 9 Desemba 1962. Fowler na Phillips walikabidhi kwa Rais Nyerere, na sherehe ya namna hiyo ndiyo utakayoikuta magazetini. Kenya kuna kisa cha aina yake: Malcolm MacDonald alikuwa gavana wa mwisho, kisha Gavana Mkuu, kisha nchi ilipokuwa jamhuri Desemba 1964 akabaki Nairobi akiwa balozi wa Uingereza. Ofisi tatu, mtu mmoja, mji mmoja.

Miles: mwingize, lakini kama kaimu, kwa maandishi ya mlalo au alama ya nyota. Ibara ya 19 ya Mkataba wa Vienna inasema nafasi ya mkuu wa ubalozi ikiwa wazi au mwenyewe akishindwa kufanya kazi, kaimu anaongoza kwa muda, na jina lake linaarifiwa Wizara ya Mambo ya Nje. Hakabidhi hati, kwa hiyo orodha zinazohesabu waliokabidhi hati tu zinamwacha. Ila kumwacha Miles ni kumwacha mtu aliyekuwa ameshika usukani wa ubalozi wiki ngumu kuliko zote. Maasi yalianza kambi ya Colito, Lugalo ya leo, tarehe 20 Januari 1964, na ombi la serikali ya Tanganyika la msaada wa kijeshi lilipitia kwake. Alfajiri ya tarehe 25 makomandoo wa kikosi cha 45 wakashuka kutoka manowari ya Kiingereza HMS Centaur.

Zanzibar usiiunganishe hata kidogo na jedwali la Dar. Ilikuwa nchi huru kuanzia 10 Desemba 1963, ikiwa na Sultani wake Jamshid, na Uingereza ilikuwa na balozi wake Unguja, Timothy Crosthwait. Baada ya Mapinduzi ya 12 Januari 1964, London ilichelewa kuitambua serikali ya Karume. Mwezi Februari Crosthwait akafukuzwa, na utambuzi ukatoka 23 Februari, siku chache tu baadaye. Muungano ulipokuja 26 Aprili, nchi ikawa na mji mkuu mmoja wa kidiplomasia, na serikali ilitaka balozi zilizokuwa Unguja zishushwe ziwe ofisi za konseli. Crosthwait anastahili safu yake mwenyewe yenye jina moja.

Halafu wapo wanaoanza orodha ya Zanzibar na Atkins Hamerton, aliyehamia huko kutoka Maskati mwaka 1841. Yule alikuwa konseli wa Uingereza kwenye milki ya Sayyid Said. Hahusiani na Jumuiya ya Madola kwa lolote.

---

Kurasini_Kona

Nyongeza fupi kwa JaladaKuukuu. Kwa Tanzania na Ghana, wao ndio walioivunjia Uingereza uhusiano. Mara ya kwanza Uingereza yenyewe kuvunja uhusiano na nchi ya Jumuiya ya Madola ilikuwa Uganda ya Idi Amin, 28 Julai 1976, baada ya mkasa wa ndege iliyotekwa na kupelekwa Entebbe, na kuuawa kwa Dora Bloch, mateka mwenye uraia wa Uingereza. Huko aliyelinda maslahi ya Uingereza alikuwa Ufaransa, na uhusiano ulirudi Aprili 1979 Amin alipoondolewa. Kwa hiyo mkiona jalada la "kitengo cha maslahi", angalieni kwanza mwaka na nchi mlinzi: Canada ni Dar, Ufaransa ni Kampala.

---

Upanga61

Nimewaelewa wote, na Crosthwait nimempa safu yake. Limebaki la tarehe zinazopishana. Na je, kwa mtu aliyeko Dar asiyeweza kwenda Kew, yaliko makavazi ya taifa ya Uingereza huko London, afanyeje kupata tarehe zenye ushahidi?

---

MsomaMajalada

Tarehe zinapishana kwa sababu kila orodha inahesabu kitu tofauti na haisemi. Balozi mmoja ana tarehe zisizopungua nne: siku uteuzi ulipotangazwa London, siku aliyotua, siku aliyopeleka nakala ya hati zake Wizara ya Mambo ya Nje, na siku aliyokabidhi hati zenyewe kwa Rais. Kati ya ya kwanza na ya nne panaweza kupita miezi. Uteuzi ukitangazwa Oktoba na hati zikakabidhiwa Februari, tayari una miaka miwili tofauti kwa mtu mmoja. Ibara ya 13 ya Mkataba wa Vienna inaruhusu nchi mwenyeji kuhesabu mwanzo wa kazi ama kwa nakala wizarani ama kwa kukabidhi hati, mradi itumie kipimo kimoja kwa wote, na ibara ya 16 inapanga ukuu wa mabalozi kwa tarehe hiyo. Chagua tarehe moja kwa jedwali zima na uiandike juu ya safu. Kwa maoni yangu chukua ya kukabidhi hati, maana ndiyo inayoandikwa magazetini na ndiyo inayompa balozi nafasi yake kwenye mstari. Pritchard mwekee tarehe ya kuanza kazi na tanbihi, kwa sababu aliyoieleza BiMkunguni.

Ukiwa Dar, anza na magazeti, si majalada. Tanganyika Standard, baadaye The Standard, lilikuwa likitoa habari na picha za mabalozi wakiwa Ikulu. Hili lilitaifishwa Februari 1970, na mwaka 1972 likaunganishwa na The Nationalist la TANU kupata Daily News, kwa hiyo ukitafuta kwa jina la gazeti usishangae mfululizo kukatika. Uhuru na Ngurumo nayo yana habari hizo kwa Kiswahili. Hatua ya kufuata: chukua mwaka unaojulikana, soma toleo kwa toleo miezi mitatu kabla na mitatu baada. Tafuta pia habari ya kuaga, maana tarehe ya kuondoka ndiyo hukosekana zaidi. Orodha nyingi hujaza tu mwaka ambao mrithi ameanza, na hapo ndipo makaimu wanapomezwa. Kisha gazeti la serikali, na kumbukumbu za mijadala ya Bunge kwa Desemba 1965. Idara ya Nyaraka za Taifa iko Upanga, na Unguja kuna hazina ya nyaraka Kilimani. Kote nenda na barua ya taasisi inayokutambulisha na ueleze mada na miaka. "Historia ya ubalozi" peke yake ni mada pana mno, hutapewa chochote cha maana.

Kew kuna mtego wa namba za mafungu. Kadiri wizara zilivyobadilika ndivyo majalada yalivyohama. Tanganyika ya kikoloni iko CO 691, na kwa miaka ya mwisho tazama pia CO 822 ya Afrika Mashariki. Zanzibar kabla ya 1913 iko kwenye mafungu ya FO, kwa kuwa ilikuwa chini ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza. Baada ya hapo CO 618. Baada ya uhuru, majalada yanaanza na DO, kwa sababu nchi za Jumuiya zilishughulikiwa na Ofisi ya Mahusiano ya Jumuiya ya Madola. Ofisi hiyo iliunganishwa na Wizara ya Makoloni Agosti 1966, kisha zote zikaingia Wizara ya Mambo ya Nje Oktoba 1968. Afrika Mashariki ni FCO 31, fungu lenye majalada ya kuanzia 1967. Angalia miaka hiyo: uhusiano wetu ulivunjwa chini ya ofisi moja, pengo likapita chini ya ya pili, na mwaka ule ule uhusiano uliporudi ikaja ya tatu. Anayetafuta kwenye fungu moja tu anapata theluthi ya habari na kudhani nyingine zimefichwa. Maamuzi ya juu yako PREM 13 kwa miaka ya Harold Wilson, na CAB 128 kwa baraza la mawaziri. CAB 128 inapakuliwa bure mtandaoni, kwa hiyo hiyo ianze.

Kwenye sanduku la utafutaji andika majina yote kwa zamu: Tanganyika, Zanzibar, Tanzania. Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ni jina la kuanzia Oktoba 1964. Kati ya Aprili na Oktoba nchi iliitwa Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar, na majalada ya miezi hiyo mengi yamepotelea hapo. Jaribu Dar es Salaam bila vistari na yenye vistari. Weka mipaka ya miaka, la sivyo utaletewa mamia ya majalada ya mkonge na korosho.

Huna haja ya kusafiri. Unaweza kuomba nakala: unatoa rejea kamili ya jalada, unalipa ada ya kukaguliwa, unaambiwa idadi ya kurasa na bei, unaamua. Kosa la kawaida ni kuomba jalada zima la kurasa mia tatu wakati unahitaji telegramu moja. Eleza tarehe na aina ya karatasi unayoitaka. Kama una jamaa au mwanafunzi aliyeko London mwenye kadi ya msomaji, ni nafuu zaidi, maana kupiga picha kwa kamera au simu yako ni bure, bila mwanga wa flash.

Majalada ya 1965 yalifunguliwa Januari 1996 kwa kanuni ya miaka 30. Siku hizi kanuni ni 20. Ukikuta jalada limeandikwa limezuiwa, unaweza kuomba lipitiwe upya kwa sheria yao ya uhuru wa habari. Muda wa jibu ni siku 20 za kazi, na kwa nyaraka zilizokwisha kuhamishiwa Kew huongezwa siku 10. Omba jalada moja moja. Ukiomba fungu zima wanakukatalia kwa sababu ya gharama.

La mwisho, Chuo cha Churchill, Cambridge, kina mahojiano na wanadiplomasia wastaafu wa Uingereza, yako bure mtandaoni. Yana ladha nzuri ya jinsi ofisi ilivyoendeshwa, ila tarehe zake ni za kumbukumbu ya mtu aliyehojiwa akiwa mzee. Zitumie kwa maelezo, si kwa jedwali.

---

JaladaKuukuu

Kwa kumsaidia mkuu, hii ndiyo orodha kwa miaka ya kazi, aipitishe kwenye chujio la MsomaMajalada kabla ya kuchapa. Baada ya Phillips (1968–72) ni Arthur Kellas hadi 1974, Mervyn Brown 1975–78, Peter Moon 1978–82. Moon ndiye aliyekuwepo Malkia alipokuja Julai 1979, akiwa njiani kuelekea mkutano wa Jumuiya ya Madola wa Lusaka ambako suala la Rhodesia lilipata njia. Karibu miaka 14 tangu uhusiano uvunjwe kwa ajili ya nchi hiyo hiyo. Kisha John Sankey 1982–85, Colin Imray 1986–89, John Masefield 1989–92, Roger Westbrook 1992–95, Alan Montgomery 1995–98, Bruce Dinwiddy 1998–2001, Richard Clarke 2001–03, Andrew Pocock 2003–06, Philip Parham 2006–09. Diane Corner, 2009–13, ni mwanamke wa kwanza kwenye orodha hii, akafuatwa na wanawake wengine wawili mfululizo, Dianna Melrose hadi 2016 na Sarah Cooke hadi 2020. Halafu David Concar 2020–24, na Marianne Young kuanzia 2024.

Angalia penye mishono: 1974 hadi 1975, na 1985 hadi 1986. Hapo ndipo utakapokuta makaimu ukisoma magazeti vizuri. Usivute mwaka wa mmoja ukutane na wa mwenzake ili jedwali lipendeze.

Na majengo yasikuchanganye. Anwani ya leo, Umoja House, ni ya karne hii, na inachangiwa na Ujerumani, Uholanzi na Umoja wa Ulaya. Picha ya miaka ya 1960 iliyoandikwa "ubalozi wa Uingereza, Umoja House" maelezo yake yana kasoro.

---

Upanga61

Shukrani kubwa. Je, upande wa pili, yaani mabalozi wetu London, pengo ni hilo hilo?

---

BiMkunguni

Pengo ni hilo hilo, 15 Desemba 1965 hadi Julai 1968, kwa kuwa uhusiano ukivunjwa unavunjika pande zote mbili. Ila usiutumie mfano wa Dar kujaza London. Nchi mlinzi ya upande mmoja si lazima iwe ndiyo ya upande wa pili, kila serikali inachagua ya kwake. Kwa miaka ya baadaye una majina yasiyo na utata: Amon Nsekela alikaa kuanzia 1974 hadi 1981, mmoja wa waliokaa muda mrefu; Anthony Nyakyi akamfuata; John Malecela alikuwa huko 1989–90 alipoitwa nyumbani kuwa Waziri Mkuu; Mwanaidi Maajar aliingia 2006; Peter Kallaghe 2010; Asha-Rose Migiro 2016; Mbelwa Kairuki 2023. Ofisi ilikuwa Hertford Street, Mayfair, kabla ya kuhamia Stratford Place.

Kwa 1961–65 tumia orodha ya wanadiplomasia iliyokuwa ikichapishwa London mara kwa mara kwa mwaka. Kila toleo lina mwezi wake, kwa hiyo jina likionekana toleo moja na kukosekana linalofuata, umeshapata mipaka ya tarehe ya kuondoka, na hapo gazeti la siku unalitafuta ndani ya wiki chache tu badala ya mwaka mzima.